Watu Wawili Chini ya Mnara

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za ghala, kofia ya kazini na timazi ya kupimia wima wa ukuta. Kesho yake ikanibidi nirudi kuidai timazi, maana ilikuwa yangu mwenyewe tangu zamani, na karani wa ghala hakuniamini mpaka nilipomwonesha jina langu nililolichonga ubavuni. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Nyinyi vijana wa ukarabati mlininywesha kahawa, mkanilisha halua, kisha mkaniomba niwaandikie habari za miaka yangu ya kazi. Ya vyeo sitayaandika. Vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha kitu. Nitaandika miaka ya mwanzo, ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyekuwapo, na hasa ule mnara wa ukuta wa bara, ambao kila anayeanza kazi huniuliza kwa nini chini yake upande mmoja una rangi nyengine.

Nilifika Maskati mwaka 1964 pamoja na mama na dada yangu, tukashukia Matrah kwa jamaa za mama. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimemaliza skuli Unguja na kujifunza useremala. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni: niliweza kusoma Kurani vizuri, lakini kuuliza bei ya samaki kulinishinda. Nikifungua mdomo sokoni, wenye maduka hucheka, kwa hivyo nikatafuta kazi ambayo mtu hahitaji kusema sana. Jamaa mmoja akanipeleka kwa fundi wa kuta za mji. "Huyu alikaa Unguja ujana wake," akanambia. "Mtaelewana."

Ndiye Ami Hamdan. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na ndevu zake hazikujulikana kama zina mvi au zina chokaa. Alikuwa amepaka nyumba za Unguja na Pemba miaka mingi kabla ya kurudi kwao, na Kiswahili chake kilikuwa kizee kuliko changu. Kazi yake ilikuwa kuziba, kushindilia na kuegemeza: ukuta wa mji, milango yake, minara yake. Kipya hatukujenga. Tulikuwa watu wa viraka.

Siku ya kwanza aliniambia, "Nasoro, nenda kalete saruji." Nikazunguka ghala nzima kutafuta mfuko wa karatasi. Sikuuona. Nikarudi nikamwambia saruji imekwisha. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye rundo la vumbi jekundu ambalo nilikuwa nimelipita kwenda na kurudi.

"Hii ndiyo saruji," akasema. "Ile yenu ya mfuko imeiba jina."

Ilikuwa udongo uliokaushwa, ukachomwa kwa magogo ya mitende, ukatwangwa, kisha ukachanganywa na chokaa. Nyinyi mnaipata imeshafungwa magunia. Sisi tuliitwanga mpaka tukakohoa nyekundu. Anayetaka kujua kama imeiva aisugue baina ya vidole. Ikiteleza kama udongo, haikuungua vya kutosha. Ikikwaruza, iko tayari. Wengine wana mitambo ya kupimia siku hizi, na mitambo hiyo husema hayo hayo, ila kwa kuchelewa kidogo.

Baada ya hapo alinifundisha kusoma ukuta. "Usiyatazame mawe," alisema. "Tazama palipozibwa." Palipopigwa mzinga pana kiraka cha duara, kimejazwa vijiwe vidogo vidogo kwa haraka. Palipoliwa na mvua kiraka ni kirefu na kimeteremka. Palipotobolewa na mwenye nyumba aliyetaka dirisha, akaamrishwa kuziba, kiraka ni kizuri kuliko vyote, kwa sababu alikuwa na nafasi na alikuwa na haya.

Vile viraka vya duara vilikuwa vingi upande wa bara, na ndivyo vilivyomfanya anihadithie namna mji ulivyotekwa. Wareno walikaa Maskati zaidi ya miaka mia. Mji umezingwa na majabali na bahari, na pale palipobaki wazi, upande wa bara, palikuwa na ukuta, minara, na handaki mbele yake. Jeshi la Imamu, mtawala wa Waarabu wa bara, likaja, likapiga kambi mabondeni, likaufungia mji chakula. Mizinga ikajibizana na mizinga. Mwisho ukuta ukaingiwa, Wareno waliobaki wakakimbilia ngome mbili za baharini, na baadaye hizo nazo wakazitoa.

Lisilojulikana ni vipi ukuta uliingiwa. Ami Hamdan alishikilia kuwa ni kwa ngazi: walinzi walikuwa na njaa na usingizi, watu wakapanda. "Kuchimba haiwezekani," alisema. "Mnara huu umesimama juu ya jabali. Babu yangu aliliona kwa macho yake."

Aliyempinga ni Bi Zuwena. Huyu alikuwa mjane, mzaliwa wa Unguja, aliyeletwa Maskati kuolewa zamani sana. Nyumba yake iliuegemea mnara kwa ndani, hata ukuta wa jiko lake ndio ukuta wa mnara. Kila tulipofanya kazi karibu alitutilia kahawa na kutusahihisha.

"Walichimba," alisema. "Mama mkwe wangu kanambia, naye kaambiwa na mkwewe. Kuna watu waliingia ardhini hapa na hawakutoka."

"Mama mkwe wako alikuwapo?" akauliza Ami Hamdan.

"Hakuwapo. Lakini alikuwa na akili kuliko wewe. Kunywa kahawa."

Walibishana hivyo miaka yote niliyowajua, na sidhani kama mmoja wao alitaka yaishe.

Katika baridi ya mwaka wangu wa sita kazini ilinyesha mvua kubwa ya kumwaga. Bonde likashuka na maji, na maji yakapita katika handaki la kale nje ya ukuta, ambalo sote tulikuwa tumelisahau kwa sababu lilikuwa limejaa takataka. Yalipokauka, mnara ulikuwa na ufa kutoka chini mpaka kwenye matundu ya mizinga.

Kabla ya kufanya lolote, tulipaka ukanda mwembamba wa chokaa kukatiza ufa, tukaenda kula. Huo ndio uchunguzi mwepesi kuliko wote, na mpaka leo sijaona kilichoupita. Ukanda ukibaki mzima, ufa ni wa zamani na umelala. Ukikatika, ufa unatembea. Tuliporudi ulikuwa umekatika.

Jamaa waliokaa chini ya ukuta walihamishwa siku ile ile, na hawakuhitaji kubembelezwa. Bi Zuwena alisema anapika, atahama akimaliza. Sisi tukaanza kuchimba nje, kwenye kitako cha mnara, ili Ami Hamdan alione jabali la babu yake na ajue pa kuanzia. Kazi yangu ilikuwa miega, yaani magogo ya kuegemeza. Hatukutumia chuma; tulitumia boriti za mkoko, zile zile zinazotoka pwani yetu ya Afrika kuja kuezekea nyumba za huku. Shikeni hili hata kama mtasahau mengine: boriti ya mkoko hulia kabla ya kuvunjika. Chuma hakilii.

Jabali hatukuliona. Tulikuta changarawe iliyogandamana, na ndani ya changarawe, pahala pa ukubwa wa mlango wa kabati, sururu yangu iliingia ikapotea mpaka mpini. Nilipoichomoa ukatoka upepo wa baridi. Tukapanua, tukashusha taa. Ami Hamdan akalala kifudifudi, akatia kichwa ndani, akakaa hivyo muda mrefu. Alipotoka alijikung'uta magoti kwanza.

"Hakuna jabali," akasema. "Babu alikosea, na mimi nimekosea." Kisha akasema, "Na mle mna watu."

Msimamizi wa kazi akaja. Alikuwa mtu wa busara na simlaumu. Aliutazama ufa, akatazama tundu, akasema, "Jazeni leo hii. Mawe, saruji, chochote. Ukianguka huu, utaanguka na nyumba."

"Kweli," akasema Ami Hamdan. "Wafu hawana khatari tena. Walio hai wanayo."

Tukaanza kusogeza mawe. Ndipo Bi Zuwena akatoka kwa mlango mdogo wa ukuta, ulio nyuma ya jiko lake, leso kichwani, mwiko wa kupikia mkononi.

"Mnajaza nini?"

Ami Hamdan akamweleza. Hakumficha kitu.

"Kwa hivyo mnawazika kwa mawe, hawajaoshwa wala kusaliwa," akasema. "Mimi nimepika miaka yote hii juu ya vichwa vyao."

"Huenda ni Wareno, Bi Zuwena."

"Huenda. Na huenda ni babu zake mume wangu. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Basi watoe. Mpaka watoke wao, mimi sitoki." Akarudi ndani, tukasikia komeo linaingia.

Msimamizi alibisha mlango, akasihi, akakemea. Alijibiwa kupitia dirishani kuwa chakula hakijaiva. Hakuna mtu pale ambaye angemtia mkono mwanamke mzee na kumtoa kwake. Kwa hivyo palikuwa na mnara unaotembea, na chini yake bibi mmoja anapika mchuzi, na kujaza tundu kwa pupa huku yeye yumo ndani kulikuwa na khatari yake vile vile, maana mawe yakisukumwa ovyo yangeweza kuutikisa ukuta wa jiko.

Ami Hamdan akaniita pembeni. "Nasoro, unaweza kuisimamisha dari ya mle ndani kwa boriti?"

"Naweza kuisimamisha kwa muda. Muda gani, sijui."

"Hilo ni jibu la kweli," akasema. "Utie miega, kisha utoke. Nitaingia mimi."

"Miega ni yangu, Ami. Aliyeitia ndiye anayejua sauti yake."

Akanitazama, akavua kilemba, akakiweka juu ya jiwe safi. Tukaingia sote wawili, mimi mbele na boriti, yeye nyuma na shuka.

Mle ndani nilitambaa na kutia miega mmoja mmoja, nikikaza kwa kabari za mbao, nikigonga polepole. Nyuma yangu Ami Hamdan alishika taa, na ni yeye aliyenionesha kuta. Alama za sururu upande tuliotokea zote zililalia ndani, kuelekea mjini. Mbele kidogo zikageuka, zikalalia nje. Na pale zilipogeukia sakafu ilikuwa na kidato, kiasi cha urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka kiganjani.

"Njia mbili," akasema kwa sauti ya chini. "Hawa wa nje wanachimba kuja chini ya mnara. Hawa wa ndani wakawasikia, wakachimba kuwafuata. Wakakutana hapa."

Sijui kama vitabu vinalisema hilo. Nnayoyasema ni yale niliyoyaona. Watu wawili walikutana mahali ambapo mtu hawezi hata kusimama wima, kila mmoja na sururu yake, taa moja ya udongo baina yao, na dari ikawaangukia. Jeshi likaendelea bila wao, kwa ngazi au kwa njia nyengine. Mji ukatekwa juu yao.

Mifupa ilikuwa imechanganyika. Mafuvu mawili yalikuwa yamegusana, na mbavu hazikujulikana za nani. Ami Hamdan aliokota kwa mkono, mfupa mmoja mmoja, akisema bismillahi kwa kila mmoja, na mimi nilikuwa nimeweka kiganja juu ya boriti ya katikati, nasikiliza. Mtu aliyewahi kumshika mgonjwa mkono kutwa ataelewa ile hali. Kisha boriti ikalia: mlio mwembamba, kama mlango wa chumba cha mbali.

"Ami, tutoke."

"Bado mkono mmoja."

"Tutoke!"

Akanyoosha mkono wake wa kulia chini ya jiwe bapa kuufuata ule mkono wa mfu, na jiwe likaukalia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nasoro, nimeshikwa." Nikachomoa kabari ya akiba kiunoni, nikaisukuma chini ya ncha ya jiwe, nikaigonga kwa nyundo mpaka likanyanyuka kidogo, akauvuta mkono wake, na katika vidole vyake vilivyopondeka ule mfupa ulikuwa umo bado. Tukarudi kinyumenyume, yeye akiburura shuka kwa mkono wa kushoto. Tulipofika kwenye mwanga, nyuma yetu pakaanguka kitu kizito na vumbi likatutangulia kutoka nje. Niliogopa baadaye, nilipokuwa nanawa. Mle ndani hapakuwa na nafasi ya hofu.

Bi Zuwena alikuwa ameshafungua mlango. Hakuitazama shuka kwanza.

"Hamdan, mkono wako."

"Nimewatoa."

"Nnaona." Akaichana leso yake, akamfunga, akambana kwa nguvu mpaka damu ikatulia. Alikuwa akilia na kumgombeza kwa pamoja. Kisha akachukua sufuria yake, akahama.

Daktari alikata vidole viwili na kuuokoa mkono. Mwiko wa uashi Ami Hamdan hakuushika tena. Lakini kesho yake asubuhi alikuja akaketi juu ya kiti cha kamba kando ya tundu, mkono umefungwa kifuani, akaniambia nijaze mimi, yeye atasema.

Na hivi ndivyo alivyosema, mkitaka kujua. Anza mwisho kabisa, palipoangukia dari, si mlangoni. Panga mawe makavu kwanza, makubwa chini, kila jiwe likae lenyewe bila ya kusaidiwa. Ndipo mimina saruji nyepesi mpaka ishibe. Miega usiitoe, izibe humo humo, ikioza kazi yake imekwisha. Pale juu, palipobaki upenyo baina ya kazi yako na kitako cha mnara, usimimine kitu, maana kilichomiminwa kikikauka hunywea na kuacha nafasi. Chukua saruji iliyo karibu kukauka, uishindilie kwa ubao na nyundo mpaka nyundo ikurudie mkononi. Kila nilipodhani nimemaliza alisema, "Tena." Nilimchukia siku zile, kwa adabu. Udongo wa kuchoma ulitoka bonde jengine, na ndiyo maana pale chini pana rangi nyengine. Tulipaka ukanda mpya wa chokaa juu ya ufa. Haukukatika.

Muda wote huo mifupa ilikuwa msikitini, katika chumba cha jeneza. Sheikh wa msikiti alikuwa mzee mpole, asiyependa kujibu kwa haraka. Alituuliza tumekuta nini pamoja nao. Vichwa viwili vya sururu, taa, na bizimu moja ya shaba, ya kufungia mkanda. Msalaba hamna? Hamna. Pete? Hamna. Ami Hamdan akasema sururu moja ni ya mtindo wa huku na nyengine hajapata kuiona, lakini nani aliishika ipi, hawezi kuapa. Bizimu nayo mtu huweza kuitwaa kwa adui.

Sheikh akatufungulia kitabu, akakifunga. "Wakichanganyika Muislamu na asiye Muislamu, wala hamuwezi kuwatenga," akasema, "wanaoshwa wote, wanakafiniwa wote, na inasaliwa sala moja, nia ikiwa kwa aliye Muislamu kati yao. Mola anamjua. Sisi tunasali, hatugawi."

"Na huyo mwengine?" akauliza Bi Zuwena, aliyekuwa amesimama nje ya mlango.

"Atalala naye. Wameshazoeana."

Tuliwazika nje ya ukuta baada ya alasiri. Walikuja mafundi, walikuja walinzi wa mlango wa mji, na watu wa sokoni ambao walikuwa wamesikia tu. Sala ikasaliwa, kaburi likafunikwa, watu wakaanza kuondoka. Ami Hamdan alibaki amesimama karibu yangu.

"Na wewe?" akaniuliza.

"Mimi nini?"

"Miaka yote hii unafanya kazi na mimi. Mama yako namjua, dada yako namjua. Baba yako hujamtaja hata siku moja."

Sikuwa nimejitayarisha. Nikamwambia kwa maneno machache, kama mtu anayeeleza kazi. Kwamba baba alitoka nyumbani siku za vurugu za Januari, kwenda kumtazama ndugu yake, na hakurudi. Kwamba tuliambiwa kuna shimo wametiwa watu wengi, na hatukuoneshwa.

"Alisaliwa?"

"Sijui, Ami."

Akamwendea sheikh, wakasemezana. Sheikh akaja mpaka nilipo.

"Sala ya aliye mbali wanavyuoni wamekhitalifiana," akasema. "Lakini mtu ambaye hatujui kama kuna aliyemsalia, mimi nasali. Jina lake nani?"

Nikalitaja jina la baba, lake na la baba yake. Sikuwa nimelitamka kwa sauti tangu tulipoondoka Unguja, na lilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Sheikh akageukia kibla, akasema, "Jipangeni." Waliokwishaanza kuondoka wakarudi. Mafundi wenzangu wakasogea begani kwangu, Bi Zuwena na wanawake wengine wakasimama nyuma. Takbira nne, na mbele yetu hapakuwa na kitu ila ardhi.

Baada ya hapo nilishika njia ya Matrah kwa miguu, na Ami Hamdan alifuatana nami, mkono wake umefungwa, ili awe shahidi nitakapomwambia mama kwamba baba amesaliwa.